Flashi moja, kompyuta tisa

Mwaka 2016, likizo ya mwezi wa sita, mwalimu wangu wa zamani wa hisabati alinipigia simu kutoka Tanga. Hata sikumaliza kumwamkia vizuri. "Marahaba, marahaba. Sikiliza mwanangu, nina kompyuta zinanifia hapa. Njoo uzione kabla hawajazitupa."

Kompyuta zenyewe zilikuwa nane za mezani, msaada kutoka nje, zilizokwisha kuzeeka hata kabla ya kupanda meli. Ya tisa ilikuwa laptopu yake mwenyewe. Zote zilikuwa na Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014, na kila flashi ya mwanafunzi iliyochomekwa mle iliacha virusi vyake kama mgeni asahauye kandambili mlangoni. Mkuu wa shule alishasema: zikishindikana, chumba kinageuzwa stoo ya madawati. Wanafunzi walikuwa wanarudi Jumatatu. Mimi nilifika Ijumaa jioni.

Nilikuwa na flashi moja ya GB 2 yenye Debian 8, ile picha ndogo inayobeba msingi tu wa mfumo na kuvuta vilivyobaki mtandaoni. Nilikuwa na simu. Na mwalimu alikuwa amenunua bando la GB 3 kwa pesa yake ya mfukoni, akaniambia idadi hiyo kwa sauti ya mtu anayekukabidhi nauli ya kwenda na kurudi.

Tulianza na laptopu, sebuleni kwake, baada ya chakula. Nikaiwasha kwa flashi, skrini ikaja na maswali yake: lugha gani, uko nchi gani, kibodi ya aina gani. Mwalimu alivaa miwani akawa anasoma kila swali kwa sauti. Halafu likaja lile lililotukwamisha. Programu ilisema kwamba kuna kifaa humu kinachohitaji faili fulani ili kifanye kazi, faili hiyo si huru, na kama unayo kwenye flashi nyingine basi ichomeke sasa. Kifaa kilichotajwa kilikuwa kadi ya waifai.

Mwalimu akauliza, "Hiyo faili inapatikana wapi?"

"Mtandaoni."

Akavua miwani. "Sasa si ndiyo hiyo kadi ya kuingilia mtandaoni?"

Ndiyo hiyo hiyo. Ili upate mtandao unahitaji faili, ili upate faili unahitaji mtandao. Nimesoma hadithi nyingi za majini walinda mlango, lakini hii ilikuwa ya kwanza kuiona imeandikwa na wahandisi kwa makusudi. Kumbe kweli ilikuwa makusudi, na sababu yake ni ndefu. Usiku ule sikuijua yote. Niliifuatilia baadaye, kwa hasira kidogo mwanzoni, halafu kwa mapenzi, na ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa.

Turudi nyuma. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza Agosti 1991 kwamba anatengeneza mfumo endeshi wake kwa kujifurahisha, na Septemba akatoa toleo la 0.01. Lakini alichotoa kilikuwa kiini tu. Kiini peke yake ni kama injini iliyowekwa chini kwenye sakafu ya gereji. Inanguruma, ila huwezi kuipanda kwenda Korogwe. Mtu aliyetaka kuutumia mfumo huo mwaka ule alikuwa akijikusanyia vipande mwenyewe. Mwanzoni mwa 1992 Owen Le Blanc wa kituo cha kompyuta cha Manchester, Uingereza, akatoa mkusanyiko mdogo ulioitwa MCC Interim. Mwaka huohuo Peter MacDonald akatoa SLS, uliokuwa mnene zaidi na wenye makosa mengi zaidi.

Makosa ya SLS yana nafasi ya heshima katika historia hii, maana yaliwaudhi watu wawili wa maana. Wa kwanza ni Patrick Volkerding, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Moorhead, Minnesota. Alianza kwa kurekebisha SLS kwa matumizi yake na ya chuo, marekebisho yakawa mengi kuliko nguo yenyewe, na Julai 1993 akayatoa kwa jina la Slackware. Picha zake zilikuwa za disketi 24. Disketi moja ya nchi tatu na nusu hubeba MB 1.44, kwa hiyo piga hesabu: mfumo mzima haukufika MB 35. Leo picha chache za harusi zilizopigwa kwa simu nzuri zinatosha kujaza nafasi hiyo.

Ila disketi 24 ni disketi 24. Waliozipitia watakwambia habari ya ile ya kumi na tisa. Unaweka moja, inasaga, unaambiwa ingiza ya pili, unaweka, inasaga, na ukifika ya kumi na tisa mashine inasema haisomeki. Hapo unaanza upya. Na kabla ya hapo ulikuwa umekaa usiku mzima kwenye maabara ya chuo ukizipakua kwa FTP, maana Slackware yenyewe iliwekwa kwenye seva ya chuo ili atakaye aje achukue. Kwa hiyo mtandao ulikuwemo ndani ya hadithi tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni njia ya mashine yako mwenyewe kuufikia kabla haijawa na mfumo.

Mtu wa pili aliyeudhiwa na SLS ni Ian Murdock, kijana wa miaka 20 pale Purdue, Indiana. Tarehe 16 Agosti 1993 alitangaza kwamba anaanzisha mkusanyiko mpya. Aliuita Debian, akiunganisha jina la mpenzi wake Debra na la kwake. Miezi michache baadaye aliandika ilani yake, na kwa sisi tunaopenda maandishi naishauri isomwe kama maandishi. Ni kijana anayelalamika kwamba wanaouza mikusanyiko hii wanauza kitu wasichokijali, halafu anapendekeza dawa ambayo mtu mzima angeona haya kuipendekeza: tukitengeneze sote, hadharani, kila mmoja atunze kipande chake. Murdock alifariki Desemba 2015, na mimi nilikuwa naendesha flashi yake miezi sita baada ya hapo bila kujua.

Hapo ndipo neno kifurushi linapoingia. Debian walikata mfumo mzima katika vipande, kila kipande kina jina, namba ya toleo, mtu anayekitunza, na orodha ya vipande vingine anavyovihitaji. Kwa Kiswahili tunaviita vifurushi. Nadhani ni ajali nzuri ya lugha yetu kwamba kampuni za simu nazo zinatuuzia intaneti kwa neno hilohilo. Kila kifurushi cha Debian kinakula kifurushi chako cha simu, na ukiwa Tanga na GB 3 za mwalimu unaisikia maana zote mbili kwa pamoja.

Wazo la kuwasha mashine tupu kupitia waya ni kongwe kuliko Linux. Miaka ya 1980 vyuo na makampuni ya Marekani yalikuwa na kompyuta za kazi zisizo na diski kabisa, kwa sababu diski ilikuwa ghali. Mashine ya namna hiyo ikiwashwa haijui hata jina lake. Mwaka 1981 ilikwishaandikwa itifaki ndogo ya kuhamisha faili, TFTP, ndogo kiasi cha kuingia kwenye kijumba cha kumbukumbu cha kadi ya mtandao. Mwaka 1985 Bill Croft wa Stanford na John Gilmore wa Sun Microsystems wakaandika nyingine, BOOTP, ambayo kazi yake ni kumjibu yule asiyejijua. Mashine inapiga kelele kwenye waya mzima: mimi ni nani? Seva inasikia, inatazama daftari lake, inajibu: anwani yako ni hii, na faili ya kuanzia iko pale. Miaka ya 1990 BOOTP ikapata mtoto, DHCP, ambaye ndiye anayeipa anwani simu yako kila ukiingia kwenye waifai ya mgahawa. Na mwishoni mwa miaka hiyo Intel wakayafunga yote katika utaratibu mmoja ulioitwa PXE, ukaanza kuwekwa ndani ya kadi za mtandao za kompyuta za kawaida.

Naipenda TFTP, lazima nikiri. Haina nywila, haina orodha ya faili, haina adabu nyingine yoyote. Inatuma baiti 512, inasimama, inangoja uitikie kwamba umepata, ndipo inatuma nyingine 512. Ni kama fundi wa matofali aliye juu ya jukwaa na kijana aliye chini: tofali linarushwa, linadakwa, linaitikiwa, linarushwa jingine. Kwa waya mfupi ndani ya chumba kimoja inatosha kabisa. Kwa masafa marefu ingekuua kwa kungoja.

Kwa hiyo mwisho wa karne mambo mawili yalikuwa mezani. Kulikuwa na mashine zinazoweza kuamshwa kwa waya, na kulikuwa na mfumo uliokatwa vipande unaoweza kuvutwa kipande kwa kipande. Mwaka 1999 toleo la Debian 2.1 likaja na apt, chombo kinachochota vifurushi mtandaoni pamoja na jamaa zake wote wanaohitajika. Kilichobaki ni mlango wa kuingilia. Kwa muda mrefu ulikuwa bado disketi. Hata Debian 3.1 ya Juni 2005 ilikuwa na picha zake za disketi, moja ya kuwashia, moja ya mizizi ya mfumo, na moja ya viendeshi vya kadi za mtandao.

Toleo hilo la 3.1, waliloliita Sarge, lilichelewa mno. Lililotangulia lilikuwa la Julai 2002, na karibu miaka mitatu watu walingoja huku wakidhihaki. Sehemu ya ucheleweshaji huo ilikuwa programu mpya kabisa ya kusimika. Ya zamani ilikuwa imejengwa kuzunguka disketi, ikawa haibebeki tena. Kundi lililoongozwa na Joey Hess liliandika mpya, na siri yake ni kwamba yenyewe pia imekatwa vifurushi, vidogo zaidi, hivyo inajikusanya kadiri inavyokwenda. Inaanza na kile kidogo kinachotosha kuuliza lugha na kuamsha kadi ya mtandao. Ikishafika mtandaoni inajiletea viungo vyake vilivyobaki: mkono wa kugawa diski, mkono wa kusimika msingi, mkono wa kuweka kiwashio. Inajizaa huku inafanya kazi. Sarge kamili ilikuwa CD 14, vifurushi zaidi ya 15,000, lakini picha ya mtandao ilikuwa kama MB 100 tu, na ipo iliyokuwa ndogo zaidi, ya kuingia kwenye CD yenye ukubwa wa kadi ya biashara.

Na flashi? IBM walianza kuuza yao Desemba 2000, ya MB 8. Inachekesha leo, ila ilikuwa sawa na disketi tano na nusu zilizofungwa kwenye ufunguo. Shida ilikuwa kwenye Baiosi, ile programu ya kwanza inayoamka ndani ya kompyuta. Mashine nyingi za wakati ule hazikujua flashi ni mnyama gani. Ukifungua menyu yake unakuta USB-FDD, USB-ZIP, USB-HDD. Yaani flashi ilibidi ijifanye disketi, au ijifanye diski ya Zip, au ijifanye diski ngumu, na kila mtengenezaji alikuwa na imani yake. Uandaaji wa flashi wenyewe ulikuwa unyago: ukunjue picha moja, unakili nyingine juu yake, uombe dua. Mpaka Debian 6 ya Februari 2011 ndipo picha zao zikawa na umbo mseto, unalimwaga faili zima moja kwa moja kwenye flashi na linawaka, kama vile ambavyo lingewaka likichomwa kwenye CD.

Sasa niulize jambo ambalo vitabu vya mwongozo haviulizi. Ukisema "simika kwa mtandao", umeshachukulia kwamba mtandao ni rahisi kuliko diski. Kwa nani?

Kwa kasi ya modemu ya simu, KB 5 kwa sekunde siku njema, zile MB 100 za picha ndogo ni saa tano na nusu za laini ya simu inayolipiwa kwa dakika. Na hapo hujaanza kuvuta chochote. Sisi wa pwani hii tuliishi kwa setilaiti mpaka Julai 2009, waya wa SEACOM ulipowashwa ukitua Dar es Salaam na Mombasa. TEAMS, uliotoka Fujairah kule Falme za Kiarabu hadi Mombasa, ukaja mwaka huohuo, na EASSy mwaka uliofuata. Kabla ya hapo mtandao ulikuwa kitu cha kutembelea mjini, si cha kuvutia mfumo mzima nyumbani.

Ndiyo maana ukimuuliza mtu wa umri wangu Afrika Mashariki alivyoanza Linux, mara nyingi hakutaji kupakua. Atakutajia bahasha. Ubuntu, uliotoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulikuwa na huduma ya kukutumia CD kwa posta, bure, popote ulipo. Jina lenyewe tulilielewa bila tafsiri. Ni utu wetu tu kwa lafudhi ya kusini. Mimi nilijaza fomu kwenye mgahawa wa intaneti, nikaandika sanduku la posta la baba, nikasahau. Baada ya wiki nyingi baba akarudi na bahasha, akaniuliza kwa ukali kidogo ni akina nani hawa wanaonitumia vitu na wanataka nini. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Huduma ile ilifungwa Aprili 2011, na nadhani watu wa Ulaya hawakuiona ikiondoka.

Kulikuwa pia na kazi ya hapa hapa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao wa Sweden, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa wakabishana mouse iitwe nini. Baadhi ya maneno ninayotumia kwenye makala hii yalipita kwenye mabishano ya aina hiyo, na sioni yakitajwa inavyostahili tunapozungumzia fasihi na lugha.

Haya, turudi kwenye faili iliyotukwamisha sebuleni.

Vifaa vingi vya kisasa havina akili yake ndani. Kila vikiwashwa vinangoja kompyuta ivimwagie kijiprogramu kidogo ambacho kiwanda kimekiandika. Mafundi hukiita fimweya. Kiwanda hukitoa kikiwa kimefungwa: unaweza kukitumia, pengine na kukigawa, lakini huwezi kukisoma wala kukibadili. Debian wao waliandika mkataba na jamii mwaka 1997, na neno la kwanza la mkataba huo ni kwamba mfumo wao utabaki huru wote. Kwa miaka mingi fimweya ilikuwa imejificha ndani ya kiini cha Linux, watu wakifumba jicho. Mwaka 2011, katika toleo lile lile la 6, waliamua kutofumba tena. Wakaitoa yote, wakaiweka pembeni kwenye hazina ya visivyo huru. Kiini kikawa safi. Na flashi ikawa haiwezi kufungua waifai za laptopu nyingi sana.

Nilipolijua hili mara ya kwanza niliwaunga mkono. Nilikuwa kijana, nilipenda watu wanaosimamia neno lao. Sawa na mtu aliyeapa hali nyama, halafu anakataa hata mchuzi. Lakini sebuleni kwa mwalimu niliona upande wa pili. Mtu aliyeko kwenye jengo lenye waya ukutani hakuiona ile skrini kabisa. Kadi yake ya waya ilijulikana, akapita. Aliyekwama ni yule asiye na waya, asiye na kompyuta ya pili ya kupakulia faili, asiye na flashi ya pili ya kuibebea. Uadilifu wao ulikuwa wa kweli, ila gharama yake ililipwa na mtu mwingine. Zilikuwepo picha zisizo rasmi zenye fimweya ndani, kumbe, lakini ziliwekwa ukurasa wa nyuma ambako mgeni hafiki. Mimi sikuzijua.

Walibishana kuhusu hilo miaka kumi na moja. Mwaka 2022 Steve McIntyre, mmoja wa waandaaji wa picha hizo, aliandika wazi kwamba hali ile inawaumiza watumiaji. Jambo likapelekwa kwenye kura ya wanachama wote. Matokeo ya Oktoba 2022 yaliamua kuwe na picha moja rasmi, yenye fimweya ndani, na mkataba wenyewe wa jamii ukaongezwa maneno ya kuruhusu hilo. Debian 12, Juni 2023, ndiyo ya kwanza kutoka hivyo. Picha ya mtandao imenenepa, imepita MB 600, lakini inafungua mlango. Nimesoma mabishano ya kura ile mwanzo mpaka mwisho na ninakiri ni miongoni mwa maandishi bora ya kimaadili niliyosoma miaka hii, na hakuna hata mmoja aliyeyaandika akidhani anaandika fasihi.

Mwaka 2016 hatukuwa na hilo. Tulikuwa na simu yangu iliyoishiwa chaji. Niliichomeka kwenye laptopu ipate moto, mwalimu akiwa ameshaanza kuniuliza kama nalala kwake au naenda kwa shangazi, na simu ikaniuliza kama nataka kugawa intaneti kwa waya wa USB. Nikagusa ndiyo kwa mazoea tu. Nikarudi nyuma hatua moja kwenye programu, nikaiambia itafute kadi za mtandao upya. Ikaleta orodha, na ndani yake kulikuwa na usb0. Simu ilikuwa imejifanya kadi ya waya! Kila kizazi cha mashine hizi kinaonekana kuponea kwa kujifanya kitu kingine.

Saa saba ya usiku laptopu ilikuwa imesimama. Bando lilikuwa limeliwa karibu GB 1. Mwalimu akapiga hesabu bila karatasi: "Tisa kwa GB 1, na mimi nimenunua tatu."

Jumamosi tulifungua chumba cha kompyuta. Kabatini kulikuwa na swichi ya matundu 16 na nyaya za kutosha, vumbi tupu, hazijawahi kutumika. Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho mtu wa mwaka 1985 angekielewa mara moja. Laptopu ya mwalimu niliigeuza seva. Upande mmoja simu, upande mwingine waya wa swichi. Ndani yake niliweka apt-cacher-ng, programu inayopokea ombi la kifurushi, ikikileta kutoka nje mara ya kwanza na kukiweka ghalani, na mwingine akikiomba anapewa cha ghalani. Laiti ningeiweka Ijumaa kabla ya yote! Vifurushi vya laptopu vilikwishafutwa baada ya kusimikwa, kwa hiyo kompyuta ya kwanza ya mezani ilivivuta upya kutoka nje, GB nyingine ikaenda. Mwalimu aliniangalia, sikusema kitu.

Ila ya pili ilivuta kutoka kwenye laptopu. Namba zilizokuwa zikitambaa kwa KB zikaanza kuruka kwa MB. Mwalimu alichomoa waya wa simu kwa makusudi kuona kama itasimama. Haikusimama, isipokuwa mara moja ilipotaka kuhakikisha orodha. Akaniuliza sasa tutajuaje kwamba vilivyomo ghalani ni vyenyewe, hakuna aliyevichezea njiani. Swali zuri, na ndilo walilojiuliza Debian wenyewe baada ya wadukuzi kuingia kwenye seva zao Novemba 2003. Tangu toleo la Aprili 2007 orodha ya vifurushi hutiwa saini, na kila kifurushi hulinganishwa na alama yake iliyomo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo unaweza kukinunua hata kwa mchuuzi usiyemwamini. Muhuri ukiwa mzima, mzigo ni mzima. Mwalimu wa hisabati aliridhika na jibu hilo kuliko lolote nililompa wikiendi ile.

Flashi ikawa inazunguka. Kompyuta moja ikishavuka hatua ya kugawa diski na kuanza kuvuta, tunachomoa flashi? Hapana, nilijaribu na ya tatu ikagoma, maana msingi wake bado unasomwa humo. Tukajifunza kungoja. Umeme ulikatika mara moja, saa nane mchana, tukaanza upya mbili. Jumapili alasiri tulikuwa na saba zinazowaka.

Ya nane ilikuwa kongwe kuliko zote. Haikuwa na kisoma CD, na Baiosi yake ilikataa flashi kwa majina yake yote, FDD, ZIP, HDD. Niliikatia tamaa. Ni mwalimu, akipekua menyu kwa kidole, ndiye aliyesoma mstari wa chini kabisa kwamba inaweza kuanzia kwenye kadi ya mtandao. "Na hii je?"

Nilisimika dnsmasq kwenye laptopu, nikaiwasha sehemu yake ya TFTP, nikaweka faili za kuwashia. Kompyuta ya nane ikawashwa ikiwa tupu, ikapiga kelele kwenye waya, mimi ni nani. Laptopu ikajibu. Nukta zikaanza kutokea kwenye skrini moja moja, tofali kwa tofali. Kile kilichoandikwa mwaka 1981 kilikuwa kinafanya kazi mbele yetu, katika chumba chenye harufu ya chaki, na hakikutaka baiti hata moja ya bando mpaka kilipofikia kuomba viungo vya programu ya kusimika.

Saa mbili usiku mwalimu aliuliza limebaki kiasi gani. Nikatazama simu: MB 640. Akasema zibaki humo humo, kesho kuna mtoto wa kidato cha nne atazihitaji, akaenda kufunga madirisha.